Shairi Hujibiwa kwa Shairi

*Kutoka Ujiji hadi Ugogo, watunzi wa bara waliacha utaratibu wa kukosoana ambao waandishi wa simulizi za simu wanauhitaji leo*

Soma mstari huu: "Tabora nimefika leo, miembe mingi nimeona."

Maana yake haina tatizo. Mgeni kafika mjini, kaona miembe, na miembe kweli ipo, ile mikongwe iliyobaki kando ya njia ya zamani ya misafara. Lakini uweke mstari huo katika ubeti wa mizani nane kwa nane, kisha umpelekee mtunzi aliyekulia kwenye kurasa za mashairi za magazeti. Hatazungumzia miembe. Atahesabu kwa vidole. Ta-bo-ra ni-me-fi-ka le-o: tisa. Mi-e-mbe mi-ngi ni-me-o-na: tisa. Kila kipande kimezidi kwa mizani moja.

Kosa hilo yeyote anaweza kuliona, na linarekebishika: "Tabora nimewasili, miembe naitazama." Nane, nane. Mwenye mstari hakutukanwa wala hakuambiwa hana kipaji, na hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Kuna jibu la pili, na kwangu ndilo bora. Mtunzi mwenzake anaona kwamba mstari umenyooka ila umepungukiwa. Anavishika vina vilevile, -li na -ma, anajibu: "Hukutaja na kivuli, wapitao wakihema." Kwa mizani 16 amesema kwamba miti imeonekana na watu hawakuonekana. Amekionyesha kilichokosekana kwa kukitunga. Na kwa kukitunga ameingia uwanjani yeye mwenyewe, maana mstari wake nao sasa unaweza kuhesabiwa.

Mistari hiyo nimeitunga kwa ajili ya makala haya, lakini utaratibu ni wa watu walioishi, wenye majina na vitabu. Wengi wa maana kati yao walitoka kwenye njia hiyohiyo ya misafara.

Umekatia patamu

Sasa fungua kundi la simulizi kwenye simu. Saa mbili usiku mwandishi anatuma sehemu ya kumi na nne. Dakika chache baadaye maoni yanamiminika: endelea, lete nyingine, umekatia patamu. Katikati yake anatokea mmoja anayeandika: hujui kuandika, acha. Wengine wanamshambulia, naye anajibu, na hadithi inasahaulika.

Asubuhi mwandishi ana maoni mengi na hana hata moja la kumsaidia. Hajui kama mazungumzo ya wahusika wake yanaaminika, wala kama msomaji amechoka tangu sehemu ya tisa. Wapo wanaouza sehemu za mwisho kwa kutumiwa fedha kwa simu, kwa hiyo ukimya wa wasomaji una gharama. Msomaji aliyechoka halipi, na hasemi kwa nini hakulipa.

Kijana anayeandika hivi Tabora, Nzega au Kigoma hana mhariri. Wachapishaji wa riwaya nchini ni wachache, na wengi wao wako Dar es Salaam. Kundi la simu ndilo mhariri wake na soko lake. Kundi hilo likishindwa kukosoa, hakuna mwingine atakayemkosoa hadi siku atakapopeleka mswada kwenye shindano la kitaifa kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Huko atakutana na majaji kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mazoea ya miaka.

Wanaoazima wahusika

Suala hili linawagusa zaidi wale wanaoandika hadithi za mashabiki, yaani msomaji anayemchukua mhusika wa mwandishi mwingine na kumpa kisa kipya. Ulimwenguni ni jambo kubwa. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walichachamaa, na ilipofika 1903 akamrudisha akiwa hai. Katika miaka hiyo na baada yake, wengine hawakusubiri ruhusa, wakaandika visa vya Holmes kwa mikono yao. Leo maktaba kubwa ya mtandaoni ya hadithi za aina hiyo, Archive of Our Own, iliyofunguliwa 2009, imeshapata tuzo ya Hugo, mwaka 2019.

Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na rafiki wa kumfuata, ambaye damu ya Holmes inaonekana usoni. Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha kwanza, kilishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kikachapishwa 1960. Kuazima, basi, si aibu. Bwana Msa alisimama kwa miguu yake kwa sababu Abdulla alimpa mazingira ya Unguja na akili ya watu wa Unguja.

Katika jumuiya za mashabiki za nje umejengeka utaratibu wa msomaji wa kwanza. Kabla hadithi haijatoka, mwandishi humkabidhi rasimu mtu mmoja anayemwamini, mara nyingi naye mwandishi, ampekulie makosa. Ukali wote unamalizikia huko faraghani. Hadithi ikishatoka hadharani, wengi wanaona ni utovu wa adabu kukosoa bila kuombwa.

Hapo ndipo pande mbili zinapogongana, na kila upande una hoja.

Anayeandika bure

Upande wa kwanza unasema hivi: mtu huyu haniuzii kitu. Anaandika baada ya kazi, kwa mapenzi. Nikimtolea kasoro mbele ya watu mia mbili ambao hawakuniuliza, nimemfundisha nini zaidi ya kunyamaza? Wanaoanza, hasa wasichana wenye umri wa shule, huacha mapema, na mara nyingi sababu ni neno moja lililosemwa hadharani na mtu asiyewajua.

Hoja hiyo naiheshimu. Ukosoaji mwingi unaojiita wa kujenga ni mtu anayejionyesha kwamba anajua.

Upande wa pili unauliza swali gumu zaidi: kama hadharani ni sifa tupu, msomaji ana kazi gani? Mtu anayesifiwa sehemu ya kwanza hadi ya hamsini anafikia mahali ambapo kosa la kwanza kutajwa linamvunja, kwa kuwa hakuzoeshwa. Sifa isiyobagua haimwambii ni ukurasa upi aliupatia.

> Ukosoaji mwingi unaojiita wa kujenga ni mtu anayejionyesha kwamba anajua.

Mimi nasimama na wa pili, kwa sharti moja, na sharti hilo nalichukua kwa watunzi wa mashairi: anayekosoa naye aandike.

Sheria iliyotoka Ujiji

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chenye jina refu, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwandishi wake, Sheikh Kaluta Amri Abedi, hakuzaliwa Lamu, Mombasa wala Unguja. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, pale njia ya misafara ilipoishia kwenye Ziwa Tanganyika, akasoma Tabora. Baadaye angekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, waziri katika serikali ya Nyerere, na jina la uwanja wa michezo wa Arusha. Alifariki 1964 akiwa na miaka 40.

Tufikiri kidogo kuhusu hilo. Kiswahili kilipanda bara kikiwa mdomoni mwa wafanyabiashara na wapagazi, mwendo wa miezi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha wiki kadhaa hadi ziwani. Pwani kulikuwa na ushairi wa karne nyingi, na kanuni zake zilijulikana kwa kurithiwa: mtoto alisikia, akazoea, akatunga. Asiyezaliwa humo angezipatia wapi? Ni mtu wa mwisho wa njia aliyeketi akaziandika moja baada ya nyingine, vina, mizani, vituo, ubeti ujitosheleze, ili ziweze kusomwa na yeyote anayejua kusoma.

Naamini kanuni hizo zilikuwa na kazi nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Ziliwapa wa bara haki ya kukosolewa kwa mstari wao badala ya asili yao. Mtu wa pwani angeweza kumpuuza Mmanyema au Mnyamwezi kwa kusema lugha si yake. Lakini mizani 16 ni mizani 16 Pangani na Urambo. Na mtu wa Urambo naye angeweza kuuhesabu mstari wa mtu wa Pangani na kumwambia umepungua.

> Kanuni ziliwapa watunzi wa bara haki ya kukosolewa kwa mstari wao badala ya asili yao.

Amri hakuwa peke yake. Saadani Kandoro, naye wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa wajumbe 17 walioanzisha TANU Julai 1954, na mashairi yake yalibeba siasa kwa vina kamili. Mathias Mnyampala wa Ugogo, nchi ambayo kila msafara wa Tabora ulilazimika kuipita na kulipa hongo, aliizaa ngonjera, mashairi ya watu wawili au zaidi wanaobishana hadi mmoja akubali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea shuleni nchi nzima.

Ngonjera ina udhaifu wake. Mkosefu anajulikana tangu ubeti wa kwanza, na kusalimu amri kwake kumeshaandikwa. Huo ni mfano wa mabishano uliotengenezwa kufundisha, wala si mabishano yenyewe.

Mabishano yenyewe yalikuwa magazetini. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza 1923, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na magazeti yaliyofuata yakaendeleza desturi hiyo. Mtu alitoa hoja kwa beti, na toleo lingine likaleta mwingine aliyemjibu kwa jina, mara nyingi kwa bahari ileile na hata kituo kilekile. Kati ya kauli na jibu palikuwa na posta, treni na meza ya mhariri. Hasira ilipata muda wa kupoa, na kutafuta kina cha nane kulimlazimisha mtu afikiri upya alichotaka kusema.

Katika jambo zito zaidi, desturi ya kujibu kazi kwa kazi ilionekana hata kwenye tafsiri za dini. Jumuiya ya Ahmadiyya, iliyokuwa na kituo chake Tabora na ambayo Amri Abedi alikuwa mhubiri wake, ilitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953. Wanazuoni wa Kisunni waliipinga vikali. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar hakuishia kwenye kuikanusha. Alitafsiri Kurani nzima, na toleo lake kamili likatoka 1969. Tofauti za imani hazikumalizika, na msomaji wa Kiswahili akabaki na vitabu viwili vya kulinganisha.

Uwanja wa Bagika na Bagalu

Hapa lazima nitaje desturi nyingine ya jirani, kwa sababu inafanana zaidi na kundi la simu kuliko ushairi unavyofanana nalo. Usukumani, kaskazini mwa Tabora, vyama viwili vya ngoma vimeshindana tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, vikifuata waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi.

Kwa hiyo anayehukumu ni umati, na umati unahukumu kwa miguu. Ushindani huo ulizaa ubunifu wa ajabu. Wachezaji walileta nyoka hai uwanjani na majembe ya kurusha hewani, pamoja na nyimbo za kumkejeli mpinzani. Haingewezekana kuvumbua hayo yote kwa kufuata kitabu cha sheria.

Lakini umati hausemi kwa nini umehama. Kiongozi wa ngoma aliyeshindwa alilazimika kukaa na wenzake wakaulizana wenyewe ni wimbo upi uliwapoteza. Vyama vilivyodumu, nadhani, vilikuwa na mazungumzo hayo ya ndani, ya watu wa fani moja. Mwandishi wa simulizi ana umati wa Bagika na Bagalu, ila hana wenzake wa kukaa nao baada ya ngoma.

Mlango uliofungwa

Ningekuwa sisemi kweli yote kama ningeziacha sheria za Amri Abedi zipite bila lawama. Kilichowafungulia mlango watu wa bara ndicho kilichotumika miaka 20 baadaye kumfungia mtu mwingine wa bara.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Miaka miwili baadaye watunzi Mulokozi na Kahigi wakaja na diwani yao, Malenga wa Bara. Wanajadi, yaani watetezi wa vina na mizani, waliwaka. Walisema hayo si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Kandoro alitoa kitabu cha utetezi mwaka 1978, na Jumanne Mayoka akakiita chake, cha 1984, Mgogoro wa Ushairi.

Ukisoma malumbano yale unaona vitu viwili vilivyochanganywa. Kumwambia mtu kwamba mstari wake wa nane kwa nane una tisa ni kumpima kwa ahadi aliyoitoa mwenyewe. Kumwambia Kezilahabi kwamba hana mizani ni kumdai ahadi ambayo hakuitoa. Yeye aliahidi kitu kingine, taswira na mpigo wa usemaji wa kawaida, na wachache kati ya wapinzani wake walijishughulisha kupima kama hicho alikifikia. Kulikuwa na mashairi ya kupimwa hivyo, na pengine mengine yangeanguka.

Hata hivyo, angalia namna walivyopingana. Kezilahabi alitunga, na Kandoro na Mayoka nao walitunga. Kunga za Ushairi, kitabu cha nadharia cha Mulokozi na Kahigi, kiliambatanishwa na diwani yao nyingine, kama Amri alivyoambatanisha sheria zake na diwani yake, na Mayoka mgogoro wake na diwani yake. Hakuna kati ya hawa aliyetoa hukumu bila kuweka mashairi yake mezani yahukumiwe pia. Leo mwanafunzi wa sekondari anakutana na aina zote mbili darasani, na mwalimu hamwambii moja si ushairi.

Kupokea

Kukosolewa nako ni kazi, na Tabora ina mfano wake. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya mji huu, akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Angeweza kuiacha kama ilivyo. Nani angemlazimisha Rais kurudia kazi? Mwaka 1969 ikatoka tafsiri iliyosahihishwa, hata jina likiwa limegeuzwa kuwa Juliasi Kaizari.

Miaka sita kati ya matoleo inatosha kwa mtu kujitenga na sentensi zake hadi azione kama za mwingine. Mwandishi anayetuma sehemu kila usiku hana nafasi hiyo. Sehemu ya kumi na nne ikishasomwa, ya kumi na tano inadaiwa. Ndiyo maana naona msomaji wa kwanza, wa faraghani, ni jambo la kuazimwa mara moja, hata kama ni rafiki mmoja anayepewa rasimu saa kumi jioni kabla ya saa mbili usiku.

Hadithi haina mizani

Swali linalobaki ni gumu: shairi lina mizani ya kuhesabu, hadithi ina nini? Bila kipimo ambacho wote wanakikubali, mkosoaji anabaki na "sijapenda", na mwandishi ana haki ya kumjibu "usisome".

Nadhani vipimo vipo, ila havijaandikwa na mtu wa kuvikusanya kama Amri alivyofanya. Kimoja ni hicho cha ahadi. Hadithi ya mashabiki inamwahidi msomaji kwamba mhusika ni yuleyule. Ukimchukua Bwana Msa ukamfanya akimbilie bastola kabla ya kuuliza swali, umevunja ahadi, na msomaji anaweza kukuonyesha ukurasa. Vivyo hivyo na muda: mhusika aliyezikwa sehemu ya tatu asipige simu sehemu ya saba bila maelezo.

Kingine ni mahali. Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Mwandishi akimpandisha mpelelezi wake treni ya Tabora asubuhi na kumshusha Kigoma kabla ya chakula cha mchana, msomaji wa Kaliua atacheka, na atakuwa amelipata kosa ambalo profesa wa fasihi asingeliona. Huyo aambiwe: usicheke tu, iandike safari hiyo aya moja, kituo kwa kituo, uiweke chini ya hadithi ya mwenzako. Mwandishi ataichukua au ataikataa. Na sisi wengine tutaisoma aya ya mtu wa Kaliua na kumhesabia makosa yake.